Jibini Juu ya Sato: Maneno kwa Wapishi wa Mwanza

Wazee wangu mliotoka Kayenze, Igombe na Ukerewe, shikamooni. Mama lishe na baba lishe wenzangu, vijana wa vyuo vya upishi, wenye migahawa ya kando ya ziwa, mwangaluka! Nashukuru kupewa kipaza sauti asubuhi hii, kabla masufuria hayajaanza kutudai.

Nimeombwa niseme neno kuhusu jambo lililotugawa, na wote mnalijua. Kijana mmoja wa hapa mjini alikaanga sato mzima, akamfunika kwa jibini iliyokunwa, akamwingiza kwenye oveni mpaka jibini ikayeyuka na kutiririka hadi ukingoni mwa sahani, kisha akapiga picha. Kufika jioni picha imeshazunguka kwenye simu za watu mji mzima. Wako waliosema ameharibu chakula cha wazee wetu. Wako waliosema huo ni wivu, mwacheni kijana atafute riziki. Tangu hapo nimeona jibini juu ya chipsi mayai, juu ya mishikaki, juu ya ugali uliokatwa vipande, na nimeona ndugu wawili wamenuniana kwa sababu hiyo hiyo.

Msimamo wangu nausema mapema. Sina ugomvi na jibini. Ila anayeitia juu ya chakula chetu namtaka awe anakijua chakula hicho bila jibini, akijue kwa mikono yake, na asimfiche mlaji alichomwekea. Na anayeikataa kwa jina la asili, naye namdai jambo moja: akipike hicho anachokitetea.

Tuanze na sato mwenyewe. Huyu tunayemuuza leo, mpana, mnene wa mgongo, wataalamu humwita sato wa Mto Naili. Bibi zetu walipokuwa wasichana hakuwamo ziwani humu. Alipandikizwa miaka ya 1950, baada ya ngege, samaki wa hapa hapa, kuvuliwa kwa nyavu mpaka akaadimika. Sangara naye ni mgeni. Alitolewa Ziwa Albert akamwagwa upande wa Uganda miaka hiyo hiyo ya 1950, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa Ghuba ya Mwanza. Kabla yao, mtu wa ziwa hili alikula ngege, mbiru, kamongo, gogogo, ningu aliyepanda mitoni wakati wa mvua kwenda kutaga, na furu wa aina mamia kwa mamia. Kwa hiyo anayesema jibini imemdhalilisha sato wa wazee wetu, ajue kwamba wapo wazee humu ukumbini waliozaliwa kabla ya sato huyo kuwa kitoweo cha nyumbani kwao.

Sasa shuka mpaka Mwaloni pale Kirumba, saa saba mchana, uagize sahani. Ugali wa mahindi: mahindi yalitoka Amerika, Wareno wakaanza kuyaleta Afrika karne ya 16. Ukisema unataka ugali wa udaga, muhogo nao ulivuka bahari ile ile. Nyanya ya kwenye mchuzi ni ya Amerika. Pilipili pembeni, vivyo hivyo. Maharage, vivyo hivyo. Karanga za kuungia mboga zilitoka Amerika Kusini. Ukiacha ugali ukachukua wali, mpunga ule asili yake ni Asia, ukapanda bara na misafara ya watu wa pwani. Chapati tumeipata kwa Wahindi. Tukiondoa kila kilicholetwa, sahani yako inabaki na mtama, uwele, ulezi, kunde, mlenda, maziwa na wale samaki wa zamani. Ni chakula kizuri mno, na nitakirudia, lakini sioni wengi wanaokiagiza.

Wala mahindi hayakuingia kwa hila. Mkulima alikuwa na hesabu zake. Mtama na uwele hushambuliwa na kweleakwelea, na mwenye shamba alilazimika kuweka watoto humo kutwa nzima wafukuze ndege. Hindi limekuja limejifunga majani. Na mtama ulitaka kutwangwa na kusagwa juu ya jiwe na mwanamke aliyekwishachoka na kazi nyingine zote. Wanawake wale walipobadilisha nafaka, walijua wanachofanya, na sitaki mtu asimame leo awaambie kwamba walisaliti utamaduni.

Lakini wako watu ambao tukifika hapa hupiga makofi, wakasema: basi, kila kitu kililetwa, asili ni hadithi, weka chochote juu ya chochote. Hapo mimi nawaacha njiani.

Chukueni viazi vitamu. Mmea wenyewe ulitoka Amerika, sawa. Lakini mtazame mama wa Misungwi au Kwimba wakati wa mavuno. Viazi vingine anavimenya vibichi, anavikata vipande vyembamba na kuvianika juu ya mwamba ulioiva jua. Hiyo ni michembe. Vingine anavichemsha kwanza, anavimenya vikiwa na moto bado, anavikata vinene kidogo na kuvianika. Hayo ni matobolwa. Michembe inakuwa myeupe, mikavu, inapasuka ukiivunja. Matobolwa yanakuwa na rangi ya asali iliyokolea, magumu nje, na ukitafuna yanalainika polepole mpaka utamu unatoka. Anajua siku za kuyageuza. Anajua wingu la namna gani linamtaka ayaanue mbio. Anajua kwamba kiazi chenye maji mengi hakifai michembe. Kisha kiangazi kikikaza, anachemsha michembe, anaiponda na karanga, au anaila na maziwa ya mgando, na nyumba haijalala njaa. Asili iko hapo kwenye mikono na akili, na kazi ile ina adabu zake. Mpishi anayetaka kuongeza jambo lake juu ya matobolwa ajifunze kwanza kuyaanika, hata mara moja, aone kazi iliyomo.

Wasukuma hatujawahi kuogopa jambo jipya mbele ya watu. Wazee mnakumbuka mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu, yanayotajwa kuanzia kwa mahasimu wawili, Ngika na Gumha, na ambayo hadi leo huonekana kwenye sikukuu ya ngoma ya Bulabo kule Bujora. Kila upande huja na jambo ambalo wenzao hawakulitarajia: huyu na nyoka, yule na fisi, mwingine na vazi ambalo halijapata kuonekana. Mshindi ni anayewavuta watu wengi upande wake. Lakini mtu akija na nyoka mkubwa na hajui kucheza, umati unamtazama kidogo, kisha unaondoka kwenda kwa jirani. Jikoni ni hivyo hivyo. Jibini itakuletea watu wa kupiga picha. Samaki aliye chini yake ndiye atakayewarudisha wiki ijayo.

Tuizungumze sasa jibini yenyewe, maana naona wengi wanaitumia bila kuijua tabia.

Jibini ni maziwa yaliyogandishwa, yakakamuliwa maji, yakatiwa chumvi. Ya kawaida hugandishwa kwa kimeng'enya, ambacho tangu zamani kilitolewa kwenye tumbo la ndama. Protini ya maziwa inashikana kama wavu, na kinachofunga vifundo vya wavu huo ni kalsiamu. Ukiipasha moto, mafuta yanalainika kwanza. Ikifika karibu nyuzi joto 60, wavu unalegea na jibini inatiririka. Ukigandisha maziwa kwa ndimu, kama wafanyavyo Wahindi, asidi inaiondoa ile kalsiamu, na jibini ya namna hiyo haiyeyuki hata ukiiweka juu ya moto mkali. Inabadilika rangi tu na kubaki kipande. Na hata ile inayoyeyuka, ukiizidishia moto, mafuta yanajitenga yanaelea, protini inajikaza, mteja anatafuna mpira. Kwa hiyo moto wa wastani, muda mfupi, na iliwe pale pale. Asiye na oveni asihangaike: weka sufuria kwenye jiko la mkaa lililopoa kidogo, funika kwa kifuniko cha bati, palia makaa juu. Mama zetu wanaoka keki hivyo miaka yote.

Kilo moja ya jibini inakula karibu lita 10 za maziwa. Ng'ombe wetu wa kienyeji, akishanyonyesha ndama, anakupa lita moja au mbili kwa siku. Piga hesabu. Utaona kwa nini kilo ya jibini dukani inaizidi bei kilo ya nyama, na utaona kwa nini bibi zetu, wenye ng'ombe wengi kuliko karibu makabila yote ya nchi hii, walichagua mtindi na samli. Maziwa yakiganda kwenye kibuyu yanadumu, yanapunguza sukari ya maziwa inayosumbua matumbo ya watu wazima, na hayahitaji chumba cha baridi cha kukomaza kwa miezi. Samli inakaa bila jokofu. Kwa joto letu na umeme wetu, hiyo ilikuwa elimu kamili.

Nimetaja matumbo, niseme kidogo. Watu wengi wakikua hupoteza uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Mwaka 2007 mtafiti Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba miongoni mwa wafugaji wa Tanzania, Kenya na Sudani yamo mabadiliko ya vinasaba yanayoruhusu mtu mzima kunywa maziwa bila shida, na mabadiliko hayo si yale ya Wazungu. Yalizaliwa huku, kwa watu walioishi na ng'ombe. Si kila mtu anayo, lakini. Jibini ngumu iliyokomaa ina sukari hiyo kidogo sana. Jibini mbichi laini inayo zaidi. Mteja akikuambia maziwa yanamsumbua, usimcheke, mshauri.

Kuna jibini inayotengenezwa hapa hapa nchini. Njombe, kwenye baridi, kipo kiwanda cha maziwa kilichojengwa kwa msaada wa Waitaliano, na maziwa yake yanatoka kwa wafugaji wa vijiji vya kule. Halafu kuna vile vipande vilivyofungwa plastiki. Ile ni jibini iliyoyeyushwa upya na kutiwa chumvi maalumu zinazoizuia isitengane na mafuta yake. Waswisi waliibuni mwaka 1911, na James Kraft wa Marekani akapata hataza yake mwaka 1916. Siikatai, na inayeyuka vizuri kuliko zote kwa sababu ilitengenezwa ifanye hivyo. Iko nyingine tena ambayo mafuta ya maziwa yametolewa yakawekwa ya mawese. Hiyo geuza pakiti, soma nyuma, ndipo uamue kama unataka kumwambia mteja wako ni jibini.

Nimesikia watu wakisema kwamba wenzetu wa Ulaya wana vyakula halisi ambavyo hawavigusi, ndiyo maana vinaheshimiwa dunia nzima. Basi twende Italia, kwa sababu ndiko wanakotupeleka.

Kaskazini mwa Italia watu wanakula ugali. Wanauita polenta, unga wa mahindi uliosongwa kwenye chungu cha shaba kwa muda mrefu. Kabla ya mahindi kufika waliusonga kwa nafaka ndogo ndogo zinazofanana na uwele na kwa nafaka nyingine, kama sisi. Mahindi yakaja, wakabadilisha, kama sisi. Leo ukienda milima ya huko watakupa polenta iliyochanganywa na jibini mpaka inavutika, na watakuambia ni chakula cha babu zao. Ila ipo habari yake nyingine. Karne ya 18 na 19, wakulima maskini wa kule walikula polenta tupu, asubuhi na jioni, kwa kuwa jibini na nyama vilikuwa vya mwenye shamba. Wakaugua ugonjwa unaoitwa pelagra: ngozi inachubuka, tumbo linaharibika, akili inavurugika, mtu anakufa. Unatokana na kukosa niasini, aina ya vitamini ambayo mahindi matupu hayaitoi vizuri mwilini. Kwa hiyo mtu akiwaambia kwamba chakula cha asili ni kile maskini alichokula, mwulizeni kama maskini yule alikuwa na la kuchagua. Mjukuu wake alipopata jibini akaiweka juu ya ugali, mimi nafurahi kwa niaba yake.

Na ile tambi ya mayai na nyama ya nguruwe, carbonara, ambayo ukiigusa kidogo Waitaliano wanakasirika? Haionekani kwenye vitabu vya mapishi kabla ya vita vya pili vya dunia. Maelekezo yake yalichapishwa Marekani, mjini Chicago, mwaka 1952, na gazeti la mapishi la Italia likachapisha ya kwao mwaka 1954, tena yakiwa na kitunguu saumu na jibini ya Gruyère, vitu ambavyo leo ukivitia wanakuita mhuni. Kanuni kali ilikuja baadaye, baada ya chakula kuzoeleka. Siwasemi vibaya. Nasema tu kwamba wao pia walijaribu kwanza, wakala, wakabishana, ndipo wakakubaliana.

Hata hivyo jambo moja la Waitaliano ninalichukua mzima mzima: wengi wao hawaweki jibini juu ya samaki. Wanasema samaki mwororo anamezwa na ladha ya jibini. Mimi nimelijaribu hili jikoni kwangu na nawaunga mkono kwa upande wa sato. Sato wa kukaanga utamu wake uko kwenye ngozi. Umekausha maji, umempaka chumvi, umemchanja ubavuni, mafuta yamechemka sawasawa, ngozi inalia ukiikanyaga na kidole. Ukimwagia jibini, mvuke unanaswa chini yake, na katika dakika chache ngozi imelowa. Halafu sato tunamla kwa mkono, vidole ndivyo vinavyotafuta miiba. Jibini yenye nyuzi inaifunika ile miiba, vidole havioni, na mtoto ndiye anayeumia. Hilo peke yake lingetosha kunizuia.

Kama lazima samaki apate jibini, chukua minofu ya sangara. Haina miiba, ni minene, ina mafuta yake, inavumilia. Kaanga upande mmoja, geuza, weka jibini kidogo, palia makaa, toa. Na iwe samaki wa leo: macho maangavu, matamvua mekundu, nyama inarudi ukiibonyeza. Nasema hivi kwa sababu nimeona inakoelekea. Jibini ina chumvi na harufu kali, na mtu asiyemwogopa Mungu ataitumia kumsitiri samaki aliyelala. Tukiruhusu hilo, mji huu unaoishi kwa samaki utakuwa umejichimbia kaburi.

Ugali ndio ulionishinda kwa uzuri. Chukua kiporo cha ugali, ukate vipande vya unene wa vidole viwili, upake mafuta kidogo, uchome juu ya mkaa mpaka upate ukoko pande zote. Weka jibini wakati bado una moto. Juu yake rusha dagaa waliokaangwa wakakauka, ndimu, pilipili. Ukoko, chumvi, uchachu, vyote vinapatana. Chakula hiki nakisimamia mbele ya mzee yeyote, na kiporo chenyewe kingetupwa. Matobolwa na jibini mbichi yenye chumvi pia yanakubaliana sana, utamu na chumvi vinapokezana.

Kwenye nsansa, hapana. Majani ya kunde yaliyochemshwa, yakaanikwa, yakaungwa kwa karanga, yana uchungu mdogo na harufu ya jua ambayo ndiyo nsansa yenyewe. Karanga zimeshaleta mafuta. Jibini inafuta kila kitu. Kwenye mlenda sihitaji hata kueleza.

Nizungumzie Korea Kusini kidogo, kwa sababu kule wana hadithi inayotuhusu. Vijana wa Korea wanapenda jibini iliyoyeyuka juu ya vyakula vyao vyenye pilipili kali, na wazee wao walinung'unika kama wa kwetu. Lakini jibini hiyo ina sehemu ilikozaliwa. Miaka ya 1960 padri mmoja Mbelgiji, Didier t'Serstevens, alikuta wakulima wa wilaya ya Imsil wako hoi kwa umaskini. Akaanza na mbuzi wa maziwa, akajifunza kutengeneza jibini, akawafundisha. Leo ukitaja Imsil, Mkorea anafikiria jibini. Sisi huku tulipata padri wetu, David Clement kutoka Quebec, aliyekusanya ngoma, viti vya watemi na vyombo vya Kisukuma pale Bujora wakati vijana walikuwa wanavidharau. Mapadri wawili, kila mmoja na kazi yake, na mimi naona tunahitaji kazi zote mbili. Mkoa huu na majirani zake Shinyanga na Simiyu wana ng'ombe wengi. Kwa nini hadi leo jibini ya mezani Mwanza inasafiri kutoka Njombe, au inatoka ng'ambo kabisa? Vijana wa vyuo mliopo hapa, mmoja wenu alichukue hili. Jibini mbichi ya ndimu haitaki mtambo. Inataka maziwa safi, sufuria, kitambaa na mikono iliyonawa.

Sasa lile lililonifanya nikubali kuja kuzungumza. Tangu miaka ya 1990 viwanda vya hapa vinachukua sangara, vinatoa minofu, vinaipeleka Ulaya. Kichwa na mifupa, mapanki, vinabaki kwa ajili yetu, vinakaangwa, vinauzwa kwenye mabeseni. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, yanakwenda China kwa bei ambayo mvuvi haioni. Sangara akawatafuna furu mpaka aina nyingi mno hazijaonekana tena, na uchafu na tope ziwani vikamalizia. Ningu hajulikani na vijana. Ngege wa kweli yuko kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Haya yametokea mbele ya macho yetu, na sikumbuki tulinuniana kwa ajili yake kama tunavyonuniana kwa ajili ya picha ya jibini. Kijana mwenye oveni ametia kitu juu ya sahani. Chini ya sahani kuna mambo mengi yamechukuliwa, na hasira yetu ningependa iende huko.

Malawi waliandikisha nsima yao UNESCO mwaka 2017, ugali ule ule, pamoja na namna ya kuusonga, kuula pamoja na kuwafundisha watoto. Senegali waliandikisha wali wao wa samaki mwaka 2021, na mchele wake wa kuvunjika uliingia kwao kutoka Asia wakati wa ukoloni. Wala hawakuona haya kwa hilo. Kenya mwaka huo huo walitambuliwa kwa kazi ya kurudisha mboga na vyakula vyao vya jadi mezani. Wote hao walikusanya maarifa kwa wazee wakiwa hai. Sisi tuna wazee wa Ukerewe wanaojua kumkausha ningu na kumpika, na wamekaa mstari wa mbele hapa. Leo, kabla hawajapanda kivuko kurudi, kila mwanafunzi wa upishi akae na mmoja wao, awashe simu yake arekodi, aulize moto ulikuwa wa kuni gani, chungu kilifunikwa kwa nini, samaki alitiwa chumvi au hakutiwa. Arekodi kwa Kikerewe au Kisukuma kama mzee anapenda.

Jambo la mwisho. Dada mmoja mwenye mgahawa pale Nyegezi ameniuliza wakati wa chai: ubaoni aandikeje? Dada yangu, mstari wa kwanza andika sato wa kukaanga, ndimu na pilipili, na bei yake. Mstari wa pili andika minofu ya sangara na jibini ya Njombe, ikiwa kweli ni ya Njombe. Kama ni ile ya mawese, taja mawese. Bei ya jibini iandike pembeni, asiyeitaka asiilipie. Usiandike chakula cha asili cha Kisukuma mahali popote ambapo jibini ipo. Andika umebuni wewe, na jina lako uliweke, watu wajue wa kumsifu na wa kumlalamikia. Na siku ukiwa na nsansa iandike kwa herufi kubwa, maana wengi tunaitafuta mjini na hatuipati. Wabeja sana.